Sura ya Sita: Arobaini na Moja Yupo

Dokta aliita namba, si majina. Ndivyo chuo kile kilivyozoea: ukipita lango kuu unaliacha jina lako kwa mlinzi kama mwavuli, unapewa namba, na hiyo ndiyo utakayoitwa mpaka siku ya kuvaa joho.

"Thelathini na tisa."

"Nipo."

"Arobaini."

"Nipo."

"Arobaini na moja."

Inspekta alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, na gauni lake la kijani halikuwa na lolote la polisi. Aliuweka mkono juu ya goti la koplo, akalikandamiza.

"Nipo!"

Sauti ilitoka upande wa madirisha. Sauti ya kijana, kavu, isiyo na haraka. Dokta hakuinua macho. Kalamu yake iligonga karatasi, akaenda arobaini na mbili. Ukumbi mzima haukupinda shingo hata moja, na hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta nywele za mikononi. Vijana wote wale, na hakuna aliyetaka kujua sauti imetoka wapi.

"Afande," koplo alinong'ona, "si ndiye tunayemtafuta? Kumbe yupo. Tumwite, tukanywe chai."

"Yuko wapi?"

Koplo alinyoosha shingo. Migongo ya viti ilikuwa imepakwa namba kwa rangi nyeupe. Kiti cha arobaini na moja kilikuwa safu ya tatu, ukutani. Juu yake palikuwa na begi lililosimamishwa wima, na mgongoni palitundikwa koti jeupe la maabara lenye mabega mapana. Ukitupa jicho la haraka kutoka mbele, ungeapa kwamba mtu mrefu ameinama anaandika.

"Lo," alisema koplo. Chai hakuitaja tena.

Jana yake asubuhi mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye basi la mbali alikuwa ameingia kituoni, amebeba kikapu na simu. Hakulia. Aliiweka simu mezani kwa Inspekta, akasema mwanawe amepotea.

"Lakini hapa amekuandikia juzi," Inspekta alisema akisoma. *Mama shikamoo. Masomo yanaendelea vizuri. Nakula vizuri, nalala vizuri. Usiwe na wasiwasi.*

"Soma na za nyuma."

Zote zilikuwa vile vile. Salamu, vizuri, vizuri, usiwe na wasiwasi.

"Anayeniandikia ni mtoto mwema mno," alisema yule mama. "Wangu si mwema kiasi hicho. Wangu ni kitinda mimba, nimemdekeza mwenyewe. Kila akiniandikia ananung'unika. Godoro gumu. Chakula hakina chumvi. Viatu vinambana. Mara ya mwisho kuniambia kitu kinamuuma mvua hazijaanza. Nikipiga hapokei, ananiandikia yuko darasani. Hata Jumapili yuko darasani? Mwanangu huyo ni padri?"

Koplo alicheka, akajikoholesha. Mama hakucheka.

"Niambieni tu kama yu hai," alisema. "Mengine nitayabeba."

Chuo kilipoulizwa kilijibu kwa fahari: mahudhurio ya kijana huyo hayana doa, kazi zake zote zimewasilishwa. Kwa hiyo koplo alipopigia simu hospitali na vyumba vya maiti, aliulizia siku mbili tu, jana na juzi. Hakuna. Mkuu wa chuo alikubali wapelelezi waingie darasani kwa sharti moja, kwamba watambulishwe kama wakaguzi wa viwango.

"Viwango vya nini?" koplo alikuwa ameuliza.

"Tutaviona huko huko," alisema Inspekta.

*

Ofisi ya Dokta ilinuka saruji. Vumbi lake lilikuwa kwenye mikunjo ya koti lake, kwenye miwani, hata kwenye kikombe.

"Arobaini na moja? Kijana mrefu? Wenzake wanamwita Rula. Nimemwona jana."

"Umemwona, au umemsikia?"

Dokta alivua miwani na kuifuta kwa kitambaa kilichoichafua zaidi.

"Leo pia amesikika," alisema Inspekta. "Ni koti, Dokta. Umesomesha koti."

Nje, kwenye ubao wa kioo, wanafunzi walikuwa wamesongamana kusoma karatasi iliyobandikwa. Hakuna aliyesukuma. Walisoma kuanzia chini kwenda juu.

"Kwa nini wanaanzia chini?"

"Matokeo ya jaribio. Tunayapanga kwa namba, wa kwanza juu." Dokta alirudisha miwani. "Mwisho wa mwaka, watatu wa chini kabisa huondoka. Si mimi niliyeweka kanuni hiyo, afande."

"Rula alikuwa wapi kwenye karatasi?"

"Chini. Nilishangaa, maana kijijini kwao huyo alipigiwa vigelegele. Lakini wote hapa walipigiwa vigelegele. Kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Ukiwaweka wa kwanza wote chumba kimoja, lazima mmoja wao awe wa mwisho, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuwa wa mwisho." Aliegemea meza. "Nadhani ni msichana. Kijana akipotea, tafuta msichana. Kuna yule kiranja wa darasa, wanamwita Spika. Walikuwa karibu."

Koplo alipenda sana njia hiyo. Wakiwa koridoni alisema, "Mapenzi hayo, afande. Wamekosana, kijana kajificha kwa rafiki, anasusa. Mimi mwenyewe nilisusa mwaka mzima kwa ajili ya binti mmoja."

"Na nani alikuitikia kazini mwaka huo?"

"Hakuna. Nilikatwa mshahara."

"Basi wewe hukupendwa kama huyu," alisema Inspekta. "Twende bwenini."

*

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na meza moja. Kitanda cha Rula kilitandikwa kwa ustadi wa hoteli, pembe za shuka zimekunjwa, mto haujaguswa. Juu ya shuka palikuwa na vumbi jembamba. Inspekta alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye gauni.

Mwenzake wa chumba alisimama mlangoni kama mgeni. Kijana mfupi, macho mekundu. Walimwita Tochi kwa sababu alisoma ndani ya blanketi taa zikizimwa. Alivaa suruali yenye mifuko mikubwa na alikuwa amewapokea wakaguzi wa viwango kwa tabasamu la mtu aliyemeza kijiko.

"Rula ametoka kidogo," alisema. "Maktaba."

"Tutamsubiri," alisema Inspekta, akakaa kwenye kiti. Alitoa simu yake, akaandika maneno machache, akairudisha mkobani. "Mnasoma sana?"

"Tunajitahidi, mama."

"Unalala saa ngapi?"

"Nikilala, nalala."

Hapo suruali ya Tochi ilianza kunguruma. Ilinguruma mfuko wa kulia, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kijana alisimama wima kabisa, mikono pembeni, kama mtu aliyekanyaga nyoka na anaogopa kuinua mguu.

"Pokea," alisema Inspekta.

"Si muhimu."

"Ni mama yake. Yuko kwetu kituoni, mimi ndiye niliyemwambia apige. Pokea, umwambie mwanawe yuko maktaba."

Tochi aliitoa simu. Kwenye kioo kilichopasuka liliandikwa neno moja, *Bimkubwa*. Hakuipokea. Aliketi kitandani kwake, simu ikimngurumia mikononi, mpaka ikachoka.

"Nyinyi si wakaguzi."

"Sisi ni wakaguzi," alisema koplo. "Tunakagua waongo."

"Rula yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Sijui." Kisha, kwa haraka, kama mtu anayetapika: "Wallahi sijui. Aliondoka Ijumaa iliyopita. Alisema, nibebeni kidogo, nikapumue, nitarudi. Hapa tunabebana, mama. Ukiugua, ukifiwa, ukishindwa kuamka, wenzako wanakubeba. Mmoja anakuitikia, mmoja anachora michoro yako, mwingine anaandika ripoti. Tuna zamu. Bila hivyo hakuna anayemaliza mwaka. Aliniachia simu nimjibu mama yake asihangaike, na kadi yake ya chuo, maana mlango wa maabara haufunguki bila kadi. Akatoka na shati tu."

"Leo zamu ya kuitika ilikuwa ya nani?"

Aliinama. "Yangu."

"Mkamficha mama yake."

"Nilimwandikia vizuri!" Macho yalimjaa. "Nilimwandikia yale ambayo mimi ningependa mama yangu ayasikie. Nimemtafuta, msidhani nimekaa tu. Kila Jumapili naenda stendi, naenda mtoni, nauliza watu. Kila Jumapili."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tukisema tumembeba, tunafukuzwa wote. Mama yangu ameuza..." Hakumaliza.

Inspekta alichukua ile simu na ile kadi iliyokuwa juu ya meza. Kwenye picha ya kadi palikuwa na kijana mwenye shingo ndefu aliyejaribu kutocheka.

Kwenye ngazi koplo alikuwa tayari anapiga simu. Alizungumza, akasubiri, akashukuru. "Nimewarudisha nyuma mpaka Ijumaa, afande. Hospitali zote, na kwingine kule. Hakuna kijana mrefu asiyejulikana. Ni habari njema, sivyo?"

"Koplo, kutoka Ijumaa iliyopita mpaka leo kuna Jumapili ngapi?"

Koplo alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. "Moja."

"Na yeye amemtafuta kila Jumapili."

Koplo aligeuka pale pale ngazini.

"Turudi tukambane," alisema.

"Ukimbana atataja siku nyingine ya uongo. Ana hofu, na mwenye hofu hupunguza. Nataka kitu kisicho na hofu."

*

Maabara ya zege ilikuwa chini ya jengo, baridi, taa zake ndefu zikilia kama mbu. Kundi la wanafunzi lilikuwa likiosha makoleo. Kati yao alikuwamo msichana mwenye sauti kubwa, ndiye Spika. Alipowaona wageni wakiingia na Dokta aliacha kuongea, na wengine wote wakaacha naye.

Ukutani kulikuwa na tangi refu la maji. Ndani yake, kama mawe ya kaburi yaliyozama, ilikaa michemraba ya zege, kila mmoja na namba na tarehe iliyochorwa kwa msumari zege lilipokuwa bichi.

"Kila mwanafunzi anaumba wa kwake kwa mkono wake," alieleza Dokta. Sauti yake ilikuwa imepona kidogo. Hapa alikuwa nyumbani. "Unakaa majini mwezi mmoja ukikomaa. Kisha tunauweka kwenye mashine ile na kuukandamiza, tuone umebeba uzito gani kabla ya kupasuka. Ndiyo mtihani mkubwa wa muhula. Ni wiki ijayo."

"Wa arobaini na moja upo?"

Dokta alikunja mkono wa koti, akauingiza majini mpaka kiwiko, akautoa ukidondosha maji. Namba ilikuwepo. Tarehe ilikuwepo, ile ile ya wenzake wote, karibu mwezi nyuma.

"Umeona? Siku hiyo alikuwepo. Mambo ya wiki iliyopita sijui, lakini siku hiyo alikuwa hapa, mikono yake imechafuka."

Inspekta aliuweka mchemraba kando ya mwingine. Aliinama. Alipitisha ukucha kwenye pembe ya ule wa jirani, haukuacha alama. Alipitisha ukucha ule ule kwenye pembe ya wa arobaini na moja. Chembe mbili za mchanga zikaanguka.

"Hii ni rangi moja?"

Dokta alisogea. "Huu una... kijivu chake kimekolea kidogo zaidi. Kama zege bichi. Pengine alizidisha maji."

"Uvunje."

"Mtihani ni wiki ijayo, afande. Nikiuvunja sasa kijana hana..."

"Dokta. Uvunje."

Spika alikuwa amesogea mpaka ukingo wa tangi. Koleo lilikuwa bado mkononi mwake, likichuruzika.

Kwanza Dokta alivunja mchemraba wa namba jirani, apate cha kulinganishia, na mwenye namba hiyo hakuthubutu kulalamika. Mashine iliunguruma. Mshale wa kipimo chake ulipanda, ukapanda, ukafika mahali ukaanza kutetemeka, na zege likalia kwa mlio mmoja mkubwa uliowafanya wote wapepese macho. Kisha akauweka wa arobaini na moja. Mshale ulianza safari. Haukufika hata nusu ya njia. Hapakuwa na mlio. Mchemraba ulijimwaga tu, kama mkate uliokaliwa.

Dokta aliuzima mtambo. Aliokota kipande, akakibana kwa vidole, kikamong'onyoka. Alipozungumza hakuwa anamwambia Inspekta.

"Huu hauna hata wiki moja. Zege halina haraka na halina uvivu, kila siku linaongeza nguvu yake ya siku hiyo. Nimewafundisha hivi siku ya kwanza." Aligeuka kwa wanafunzi. "Nimewafundisha mimi! Aliyechora tarehe hii amedanganya. Nani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye koleo.

"Mimi," alisema Spika. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imeingia mahali, imebaki nyembamba. "Siku ya kuumba, kila mtu alikuwa na wasiwasi na wa kwake. Tulisahau kumbeba. Ulipotangaza utakagua tangi, ndipo tukakumbuka. Nikauumba haraka, nikaandika siku ya wenzetu."

"Kwa hiyo siku ya kuumba Rula hakuwepo," alisema Inspekta.

"Hakuwepo."

"Aliondoka lini, binti yangu? Na safari hii usinipunguzie."

Spika alitazama vipande mezani. "Siku yalipobandikwa matokeo ya kwanza. Mvua ilianza siku ile ile. Alisimama mbele ya ubao mpaka sote tukaondoka. Baadaye akaja chumbani kwa Tochi, nami nilikuwepo, akaweka simu na kadi kitandani. Akasema nibebeni kidogo. Tukadhani ni jioni moja." Aliweka koleo chini. "Siku ya kwanza ilikuwa hisani, mama. Siku ya pili ilikuwa kosa. Ya tatu tukawa tunaogopa ya pili. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilikuwa nikisikia namba yake inaitwa, na inaitikiwa, na mara nyingine nilisahau. Nilikuwa nageuka nimwombe rula."

Mmoja wa wavulana alianza kucheka na hakuweza kuacha, mpaka ikabainika kwamba hacheki.

"Mitihani mnaweza kubebana," Dokta alisema polepole. "Zege halibebwi." Kisha, kama mtu aliyeisikia sentensi yake mwenyewe baada ya kuitoa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuushika mdomo wake.

Inspekta alikuwa amekwisha kumgeukia koplo. "Tumemtafuta kwenye siku zisizokuwa zake. Kila tulipouliza, wao walikuwa wamejibu kabla yetu kwamba yupo. Piga tena. Wiki ya mvua za kwanza."

Chini kule simu haikushika. Koplo alipanda ngazi mbili mbili. Walimsikia huko juu akisema *ndiyo*, akisema *mrefu*, akisema *rudia tafadhali*. Kisha hawakumsikia. Inspekta alipomfikia alikuwa ameegemea ule ubao wa kioo, mgongo wake umeyafunika matokeo.

"Yupo mmoja," alisema. "Hospitali kuu. Hana jina."

"Koplo. Wodini au kwingine?"

"Wodini, afande." Aliupangusa uso kwa mkono. "Wodini."

*

Hawakumwambia mama mengi njiani. Inspekta alimwambia ukweli uliokuwepo: kuna kijana, yu hai, huenda ni yeye, huenda si yeye. Mama alikaa kiti cha nyuma na kikapu chake magotini, na kila gari lilipopunguza mwendo alisogea mbele kidogo, kana kwamba yeye ndiye anayelisukuma.

Muuguzi wa wodi ya wanaume aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndala na kalamu sikioni.

"Mafundi wa barabara ndio waliomleta," alieleza akitembea. "Walimkuta ndani ya kalvati, lile bomba la maji chini ya barabara mpya, amekaa, maji yako kiunoni, anawaka homa. Mapafu tumeyatibu. Miguu inapona. Lakini hasemi. Tangu aje hajasema neno. Tumemwita majina yote tunayoyajua, ya Biblia, ya Kurani, ya wachezaji mpira. Hageuki. Tuliripoti polisi siku ile ile, tukaambiwa hakuna aliyepotea."

Koplo alitazama sakafu.

"Mchana kutwa anafanya kitu kimoja. Mtaona," alisema muuguzi.

Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta. Kijana alikuwa amekaa, shingo ndefu imeinama, na kwa kidole cha shahada alikuwa akiandika juu ya shuka. Mstari, alama ya sawasawa, mstari. Alifika ukingoni mwa kitanda, akafuta kwa kiganja kitu kisichokuwepo, akaanza upya.

Mama aliweka kikapu chini. "Mwanangu."

Kidole kiliendelea.

"Kitinda mimba wangu. Ni mimi. Mama." Alimwita jina lake, lile la nyumbani, kisha lile la shule. Alimgusa bega. Kijana alisogeza bega kidogo, kama mtu anayemkwepa anayepita kwenye safu ya viti, akaendelea na hesabu yake.

Mama alimgeukia Inspekta, na sasa, kwa mara ya kwanza, uso wake ulikuwa unaporomoka. "Ndiye kwa sura," alisema. "Lakini hayumo. Mwanangu hayumo humu ndani."

Inspekta alisimama miguuni mwa kitanda. Wodi ilikuwa kimya, ila bomba moja likitonesha. Alipozungumza hakuipandisha sauti. Alisema kavu, bila kuinua macho, kama msomaji wa karatasi.

"Arobaini na moja."

Kidole kilisimama. Mgongo ulinyooka, mabega yakapanda, na kichwa kikaelekea mbele kule ambako hapakuwa na mwalimu.

"Nipo," alisema kijana.

Ilikuwa sauti iliyokwaruza, ya mtu aliyekaa mwezi bila kuitumia. Muuguzi alijifanyia ishara ya msalaba. Koplo alirudi nyuma hatua, akagonga kitanda cha jirani.

Mama hakusogea. Alimtazama mwanawe aliyekataa kumwitikia yeye na kuiitikia namba, akamtazama mpaka Inspekta akatamani angekuwa amenyamaza.

"Usimwite hivyo tena," alisema mama.

"Sitamwita."

"Wewe wala mtu mwingine."

Kisha alivuta kiti. Aliomba beseni, akaletewa. Aliipandisha miguu ya kijana kwenye mapaja yake, miguu yenye ngozi iliyobanduka, akaanza kuiosha, na huku akiosha alianza kugomba. Alimgombeza kwa sauti ya chini, bila kupumzika: kwamba ametoka safari ndefu na hajapewa hata salamu, kwamba kucha hizi ni za mtu au za kwale, kwamba baba yake anauliza na yeye hana la kumjibu, kwamba kama chuo ni kigumu si angesema, tangu lini mtu aliyelalamikia godoro, viatu na chumvi akashindwa kulalamikia chuo?

Inspekta na koplo walisubiri. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Kidole cha kijana kilirudi kwenye shuka, kikaandika mstari mmoja, kikapunguza mwendo.

"Mama," alisema.

Kitambaa kilisimama majini.

"Maji ya baridi."

Mama alifumba macho. Aliyafumba kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Inspekta, akaitikia kwa kichwa mara moja, kwa heshima zote, kama shahidi mahakamani.

"Ndiye," alisema. "Andika. Ndiye huyu."

Inspekta aliandika. Koplo alikwenda dirishani, akasimama akiangalia mabomba ya ukuta wa pili kana kwamba yamefanya uhalifu.

Kutoka mwanzo wa wodi yalisikika magurudumu ya toroli la dawa. Muuguzi mgeni, kijana wa zamu ya mchana, alikuwa akija kitanda kwa kitanda, macho kwenye karatasi, vikombe vidogo vikigongana.

"Kitanda cha saba. Kitanda cha nane." Hakuinua uso. "Kitanda cha tisa."

Mabega ya mgonjwa yalipanda. Mgongo ulinyooka. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka pale mama alipouweka mkono wake juu yake, mkono mbichi wa maji ya kuoshea miguu, akaufunga taratibu.

"Tupo," alisema mama.